Babu Aliyerukwa Hewani

Sharifo, jirani yetu wa nyumba ya pili, husimulia kwamba ngamia wa akina Billow alijiripoti mwenyewe. Anasema ngamia huyo aliibwa akapelekwa Dadaab, na alipopitishwa mbele ya chumba cha redio akamponyoka mwizi, akaingiza shingo dirishani na kulia mbele ya maikrofoni. Hapo watu wote wa Garissa wakaitambua sauti yake. Sharifo huapa kabisa. Akiulizwa yeye aliyaonea wapi hayo, hujibu kwamba alikuwa anakanda unga wa mikate ya anjera, lakini masikio yake hayakuwa kwenye unga.

Mambo hayakuwa hivyo, ingawa ni kweli kwamba ngamia alilia, na ni kweli kwamba alisikika. Yalivyokuwa ni hivi.

Ilikuwa katika miaka ya tisini, wakati hapakuwa na simu ya mkononi hata moja katika mji wetu. Weris, binti yake Billow, alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Asubuhi alikwenda duksi kusoma Kurani, kisha skuli, na jioni alimsaidia mama yake kuteka maji kwenye pipa lililoletwa na mkokoteni wa punda kutoka mtoni. Alikuwa msichana mchangamfu na mwenye kumbukumbu kali. Ukimwambia jambo leo, atakukumbusha mwakani, na atakuambia ulikuwa umevaa nini.

Siku aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Jumamosi. Karibu na soko la mifugo palikuwa na duka la mtu aitwaye Kerrow, na chumba cha nyuma cha duka hilo kilikuwa na taar. Taar ni redio ya kuzungumzia. Ilikuwa sanduku la chuma lenye taa nyekundu, limeunganishwa na betri ya gari, na waya wake ulipanda hadi juu ya nguzo mbili ndefu nyuma ya duka. Ukibonyeza kitufe cha maikrofoni unazungumza, ukimaliza unasema "ova", ukikiachia unasikiliza. Kwa taar hiyo watu wa Garissa walisalimiana na ndugu zao wa Wajir, Mandera na Dadaab, wakapeana habari za mvua, bei za mbuzi, harusi na misiba. Hakuna aliyekuwa na siri. Uliyemwita alikusikia, na wengine waliokuwa kwenye masafa hayo walikusikia pia, wakanyamaza tu wakisubiri zamu yao.

Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri, wafanyabiashara walipokwenda kulala wakikwepa jua, Kerrow aliwaachia watoto taar kwa muda. Alisema ni heri wapige kelele mle ndani kuliko kuwapiga mawe mbuzi wa watu huko nje. Huko Dadaab alikuwako Ikran, rafiki yake Weris tangu darasa la kwanza, ambaye baba yake alihamia huko kuendesha lori la maji. Siku Ikran alipohama, Weris alilia mpaka mama yake akamwambia abakize machozi mengine kwa ajili ya harusi yake. Lakini sasa, kila Jumamosi, walikuwa wakicheka pamoja kana kwamba wamekaa mkeka mmoja.

Watoto wa Wajir nao waliingia hewani, na wa Mandera pia. Walitegana vitendawili. Waliulizana maswali ya sayansi na hesabu, na mwalimu wa Weris alishangaa kuona kwamba darasa lake limeanza kujua mambo ambayo hajawafundisha bado. Mtoto mmoja wa Mandera aliwaeleza jinsi mto wa kwao unavyokauka, mwingine wa Wajir akawasimulia kuhusu visima vya kwao. Watoto ambao hawajawahi kutoka nje ya Garissa walianza kuwa na marafiki katika miji ambayo waliijua kwenye ramani tu.

Jumamosi moja wakaanzisha mashindano ya abtirsi. Abtirsi ni kuhesabu majina ya baba zako, kutoka kwako hadi kwa babu wa mbali kabisa. Kwetu mtoto hufundishwa akiwa mdogo sana, kabla hata hajajua kufunga kamba za viatu, kwa sababu mtu akifika ugenini jambo la kwanza analoulizwa ni yeye wa nani. Akiyataja majina na yakakubalika, hupewa maziwa, mkeka na mahali pa kulala.

Mtoto wa Wajir alianza vizuri akakwama katikati. Wa Mandera alirudia jina moja mara mbili, wakamcheka. Zamu ya Weris ilipofika, alisimama, akafumba macho na kuyamwaga majina kama mtu anayemwaga dengu kwenye sinia: Weris, Billow, Dekow, Kadar, Alio, Gedi, Samatar, Guled, Shire. Hapo wenzake walikuwa wameshasalimu amri, kwa hiyo hakuona haja ya kuendelea. Redio ikajaa vigelegele kutoka kila upande. Ikran alipiga kelele mpaka sauti ikakatika.

Kisha ikaingia sauti ya mtu mzima. Ilikuwa sauti ya taratibu, yenye heshima. Mtu huyo hakutaja stesheni yake. Alisema mashallah, mtoto wa namna hii ni fahari ya ukoo, na kwamba yeye pia ana uhusiano na watu wa Gedi. Akamwuliza Weris kama nyumbani ni wazima. Weris, ambaye kichwa chake kilikuwa kimeshapaa juu ya zile nguzo mbili, akamjibu kila kitu. Alimwambia kwamba mama yake amejifungua mtoto wa kiume. Alimwambia kwamba ngamia zao wako ng'ambo ya Dadaab kwa nyanya yake Ebla na baba yake mdogo Abdirahim. Akaongeza kwamba baba yake anatafuta mtu wa kumleta mjini Barwako, ngamia jike mwenye maziwa mengi, ili mama apate maziwa ya kutosha. Mtu yule akauliza kama Barwako ana chapa. Weris akamweleza chapa ya ukoo wao, mstari na nusu duara kwenye shingo. Mtu yule akamshukuru, akamwombea dua, akaondoka hewani.

Kerrow wakati huo alikuwa mbele ya duka akimpimia mteja sukari.

Weris alirudi nyumbani akirukaruka. Alipofika langoni alisimama ghafla. Alikuwa akiyarudia majina moyoni, na sasa akagundua kwamba kati ya Samatar na Guled yuko babu aitwaye Roble, na kwamba yeye hakumtaja. Alimruka kwa haraka zake. Alifikiri kurudi dukani kusema. Lakini baba yake alikuwa ameshapata habari njiani, akamshika mkono na kumwingiza ndani akimsifu mbele ya wageni. Jioni, Billow aliwaambia wenzake msikitini kwamba binti yake amewashinda watoto wa mkoa mzima. Baada ya hapo Weris aliona ni vigumu kumrudisha Roble mahali pake. Akamwacha.

Zikapita siku kadhaa za furaha. Mtoto mchanga alinenepa, na Sharifo alikuja kila siku kumtazama na kusema anafanana na yeye, ingawa hawana udugu wowote. Kisha asubuhi moja Kerrow akamwita Billow dukani. Ulikuwa umefika ujumbe wa bibi Ebla kupitia dereva wa lori aliyepita kambini kwake. Bibi alikuwa anasalimia, na alitaka kujua kama Barwako na ndama wake wamefika salama, na kama mkamwana wake anakunywa maziwa.

Billow alimtazama Kerrow. Hakuwa amemtuma mtu yeyote kumchukua Barwako.

Waliulizana tena na Dadaab, na habari ikatoka kipande kwa kipande. Alikuja mgeni kambini, jina lake Adow, wakati Abdirahim yuko mbali malishoni pamoja na ngamia wengine. Mgeni aliamkia vizuri, akataja ukoo wake: Adow, Mohamedamin, Korane, Gedi, Samatar. Bibi Ebla aliposikia Gedi na Samatar hakutaka kusikia zaidi, akampa maziwa, kwa sababu alijua kuna watu wa Gedi waliovuka mpaka zamani na hawakurudi. Mgeni akasema ametumwa na Billow, kwamba mke wa Billow amejifungua mtoto wa kiume, na Barwako anatakiwa mjini. Aliijua hata chapa. Bibi angemkatalia vipi mtu kama huyo? Alimfungia hata nyama ya kukaanga ya njiani.

Billow alirudi nyumbani uso umemkunjamana. Weris alikuwa anamfunga mtoto kitambaa cha kichwa, akamsikia baba akimwambia mama kwamba hadithi hii haimwingii akilini. Mtu wa mbali angejuaje kuhusu mtoto? Angejuaje kwamba Barwako anatakiwa mjini? Mambo hayo yalijulikana na watu wa nyumbani tu. Alisema Abdirahim alikuwa akimwomba kila mara amuuze Barwako, naye akakataa. Akasema pengine mgeni huyo hakuwa mgeni.

"Unamshuku ndugu yako," mama alisema polepole.

"Simshuku. Ila akija nitamwuliza, na ajibu vizuri."

Baba mdogo Abdirahim ndiye aliyemfundisha Weris kuogelea ukingoni mwa Tana mahali pasipo na mamba. Ndiye aliyemletea ubani na asali ya porini kila alipokuja. Sasa atakuja, aulizwe kama mwizi, na ndugu wawili waache kula sinia moja. Na ngamia akishapita mpakani hatarudi tena.

Weris alimweka mtoto chini, akaenda mbele ya baba yake.

"Aabo, si adeer Abdirahim. Ni mimi."

Aliyasema yote: mashindano, sauti ya taratibu, maswali, majibu yake. Hakulia. Alisimama ameshika ncha ya mtandio, akasema mpaka mwisho. Kitu kimoja tu hakukitaja, kile cha Roble, kwa sababu hakuona kinahusiana na ngamia, na aibu aliyokuwa nayo ilikuwa inamtosha.

Mama alimtazama Billow, na Weris aliutazama mkeka. Baba alivaa viatu vyake na kumwambia Weris avae vyake pia.

"Twende kwa Kerrow," alisema. "Mdomo uliompeleka ndio utakaomrudisha."

Kerrow alipoelezwa alijilaumu zaidi kuliko alivyomlaumu Weris. Alisema sukari ya yule mteja ilikuwa chungu kuliko dawa. Akawasha taar, akaita stesheni zote alizozijua. Wafanyabiashara waliokuwa katikati ya mazungumzo yao wakampisha. Akatangaza habari ya ngamia jike mweupe mwenye ndama, chapa ya mstari na nusu duara, na mtu mwenye sauti ya taratibu anayejiita Adow. Wajir walijibu kwamba wamesikia. Mandera walijibu. Dadaab walijibu, na nyuma ya mwendeshaji wa Dadaab ilisikika sauti nyembamba ikisema: Weris, usihofu, nitatazama.

Ikran hakuwa mtu wa kusubiri. Aliwakusanya wenzake wanaokuja kwenye redio Jumamosi, wakagawana mji. Wengine walikwenda upande wa visima, wengine njia ya kambi za wakimbizi, na yeye mwenyewe alipanda lori la baba yake, ambalo lilipeleka maji pande zote. Baba yake aliwaonya wote kwamba kazi yao ni macho tu. Atakayemwona mtu huyo asimsogelee, asimsemeshe, arudi aseme.

Kesho yake, nyuma ya soko la mifugo la Dadaab, Ikran alimwona ngamia mweupe amefungwa kwenye mti wa mgunga, ndama ubavuni. Mwanamume mmoja alikuwa akijadiliana bei na dalali. Ikran alipita na ndoo kichwani kama mtu anayekwenda zake. Aliitazama shingo ya ngamia kwa jicho la pembeni, akaiona ile nusu duara, akaendelea kutembea hadi kona. Alipopita kona ndipo alipotupa ndoo na kukimbia. Ndoo hiyo mama yake aliitafuta wiki nzima.

Wazee wa Dadaab hawakumpiga mtu yule. Walimketisha katika chumba cha taar, Barwako akafungwa nje, na Garissa ikaitwa. Kwa Kerrow chumba kilijaa. Billow alikaa kwenye kiti karibu na redio, Weris nyuma yake. Sharifo naye alikuwapo, na mikono yake ilikuwa bado ina unga.

Mzee aliyezungumza kwa niaba ya Dadaab alikuwa na sauti kavu na subira nyingi. Alieleza kwamba mtu huyu hakatai kuwa amemchukua ngamia. Anasema yeye ni ndugu, alitumwa na Billow, alikuwa anampeleka Garissa, ila aliogopa majambazi wa njiani akageukia Dadaab. Kuhusu bei aliyokuwa akiijadili, anasema alitaka tu kujua thamani ya mali ya ndugu yake. Billow akajibu kwamba hakumtuma. Mtu yule akasema alipewa ujumbe na mtu mwingine, labda huyo ndiye aliyedanganya. Kila alipobanwa aliteleza. Nje Barwako alianza kulia, sauti ndefu iliyojaa redio nzima.

"Taja ukoo wako, Billow asikie," mzee alimwambia.

Mtu yule alitaja bila kusita: Adow, Mohamedamin, Korane, Gedi, Samatar, Guled, Shire. Alitaja kwa ufasaha na kwa fahari, kama mtu aliyefundishwa na mama yake.

Billow aliinamisha kichwa. Akabonyeza kitufe na kusema kwamba majina ni ya kwao, isipokuwa amemruka mmoja, Roble. Lakini watu waliokwenda mbali husahau. Mzee wa Dadaab akakubali. Alisema kumsahau babu mmoja ni aibu, si wizi, na kwamba ni vigumu kwao kumpeleka kwa askari mtu anayeujua ukoo kiasi hicho. Pengine ni ndugu aliyekosea, na ndugu akikosea husuluhishwa. Sauti ya mtu yule ikasikika ikimhimidi Mungu.

Weris alitazama mgongo wa baba yake. Katika chumba kile walikuwamo watu wote waliosikia sifa zake msikitini na sokoni. Huko Wajir na Mandera walikuwako watoto waliomwita bingwa. Hata hivyo aliinuka, akagusa bega la Billow na kuomba maikrofoni. Billow alishangaa, akampa.

"Adeer," Weris alimwambia mzee wa Dadaab kwa adabu, "mimi ni Weris. Siku ya mashindano, mimi pia nilimruka Roble. Nilitoka kwa Samatar nikaenda kwa Guled. Nikapewa ushindi, nikanyamaza. Huyu mtu hakufundishwa na baba yake. Amefundishwa na mimi. Ova."

Billow alimgeukia binti yake polepole.

"Ulimruka Roble?"

"Ndiyo, aabo."

"Na mimi nikamwambia imamu."

Mzee wa Dadaab alikohoa. Sauti yake ilikuwa bado kavu, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kama kicheko kilichofungiwa. "Garissa, subirini," alisema. Kisha wakamsikia akimwuliza mtu yule: "Bingwa aliishia kwa Shire kwa sababu wenzake walishindwa. Wewe umeishia kwa Shire kwa nini? Baba yake Shire ni nani?"

Hakuna kilichosikika.

"Mama yake Gedi ni wa watu gani?"

Hakuna kilichosikika. Barwako tu ndiye aliyelia tena huko nje, na hapo ndipo mtu mmoja wa Wajir, ambaye alikuwa akisikiliza kimya tangu mwanzo, alibonyeza kitufe chake na kusema kwamba ngamia anajua zaidi. Kicheko kikalipuka katika miji yote kwa pamoja. Hata Billow alicheka, akafuta macho kwa ncha ya kilemba.

Mtu yule alikiri. Hakuwa ndugu, wala jina lake halikuwa Adow. Alikuwa dalali wa mifugo aliyefilisika, na alikuwa na tabia ya kukaa dukani kwa rafiki yake mwenye taar na kusikiliza maneno ya watu. Wazee walimkabidhi kwa askari. Jioni hiyo hiyo Ikran alimkamua Barwako glasi moja kwa ruhusa ya wazee, akasema ni ada ya upelelezi.

Abdirahim ndiye aliyemleta Barwako Garissa, yeye na ndama na wenzake wawili wa safari. Billow aliwalaki nje ya mji. Kabla ya salamu kwisha alimwambia ndugu yake kwamba kwa siku moja alimdhania vibaya, na akamwomba amsamehe. Abdirahim alisema atamsamehe akipewa kichwa cha mbuzi na mtoto mchanga kumbeba, na vyote viwili akavipata. Wageni walikula, wakanywa chai nzito ya maziwa. Sharifo alimtazama Barwako kwa makini, akauliza ni shingo hiyo kweli iliyoingia dirishani.

Billow hakumpiga Weris. Alimwambia tu kwamba Ijumaa watakwenda pamoja kwa imamu, na yeye Weris ndiye atakayemtaja Roble. Walikwenda. Imamu alisikiliza, akasema kwamba Roble amengoja muda mrefu na bila shaka amefurahi.

Watoto waliogopa kwamba Kerrow atawafungia taar kabisa. Baadhi ya wazazi walitaka iwe hivyo. Jumamosi ilipofika waliketi mkekani kimya, hata wale wakorofi. Kerrow aliingia na kiti chake, akakiweka kando ya redio, akafunga mlango wa mbele wa duka. Sukari, alisema, itauzwa baadaye. Billow naye alikuja na glasi yake ya chai, akaegemea ukuta.

"Sikilizeni," Kerrow alisema. "Sanduku hili limewapa marafiki, limewafundisha hesabu, na limemrudisha ngamia. Mimi siwezi kuliita baya. Lakini ukishika maikrofoni hii, unamjua yule unayemwita tu. Anayesikiliza humwoni. Huoni uso wake, huoni yuko wapi, huoni anacheka au anaandaa kamba. Sauti nzuri si udugu. Na akikusifu sana halafu akaanza kuuliza, achia kitufe uniite."

Akawaeleza yasemwayo na yasiyosemwa. Vitendawili, masomo, hadithi, salamu na mzaha, semeni mpaka betri ife. Nani yuko nyumbani na nani hayupo, mifugo iko wapi, mnatoka lini na mnapita wapi, hayo yabaki chini ya mtandio wa mama. Mtoto akikosea aseme siku hiyo hiyo, kwa sababu kosa linalosemwa mapema huwa dogo.

Billow aliweka glasi yake chini. "Na mimi niongeze," alisema, huku akimtazama binti yake. "Huyu alikosea mara mbili. Mara ya kwanza alisema alichotakiwa kukinyamazia. Mara ya pili alinyamazia alichotakiwa kukisema. Kisha akasimama mbele ya watu, akayanyoosha yote mawili akiwa peke yake. Ushindi wa kwanza haukuwa wake. Huu ni wake, na atakayembishia aje kwangu." Baada ya hapo akawafichulia watoto jambo ambalo hadi wakati huo alikuwa amewaambia madereva tu, kwamba skuli zikifungwa atampeleka Weris Dadaab akamsalimie Ikran uso kwa uso, na watoto wakashangilia mpaka kuku wa jirani wakaruka ua.

Kerrow akawasha taar. Taa nyekundu ikawaka, mkwaruzo ukaja, na baada yake sauti ya Ikran, iliyokuwa ikikimbia mbele ya pumzi zake.

"Weris, Weris. Nimesikia mnakuja. Baba yangu amemsikia dereva mmoja akisema. Wallahi nimeshafagia chumba. Niambie ni siku gani na mtapanda gari la nani, nitoke nikungoje barabarani. Nijibu. Ova."

Weris alishika maikrofoni kwa mikono miwili. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Alimtazama Kerrow, ambaye alikuwa akitazama dari. Alimtazama baba yake, ambaye alikuwa akitazama chai.

"Weris? Siku gani? Ova."

Tabasamu lilimjaa usoni mpaka macho yakajifumba. Alikiondoa kidole kwenye kitufe, akaufunika mdomo wake kwa kiganja; siku na gari vikabaki chini ya mtandio wa mama, na redio ikaendelea kukwaruza.